Libaya mbili na filamu iliyokatika mara mbili

Saa 12 asubuhi. Baridi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi, Kongo, haina haya, inakufuata hadi chini ya blanketi. Nawasha mbabula, jiko letu la makala (makaa), nabandika chai, watoto wanakula mikate ya jana na kukimbilia shule. Makala yaliyobaki sitaki yapotee bure: nayatia ndani ya pasi na kwenda nayo kazini. Ni mwendo wa dakika kumi tu, na majirani wa Katuba wameshazoea kuniona nikipita na pasi inayofuka moshi kama gari-moshi dogo.

Saa 2. Nafungua kibanda. Wasichana wangu wawili wanaojifunza kushona wameshafika, wanapiga miayo. Kazi ya leo inajulikana. Moziki yetu, chama cha wanawake marafiki, ina watu kumi na wawili, Jumamosi tuna ndoa, na wote tutavaa kikwembe (kitenge) kimoja. Libaya, yaani blauzi za kikwembe, kumi zimekwisha. Zimebaki yangu na ya Mama Mapasa, rafiki yangu mwenye watoto mapacha, maana mshonaji hujishonea mwisho, na Mama Mapasa hapatikani akapimwa. Akitoka Kasumbalesa Jumatatu, Jumatano amerudi tena kule mpakani na Zambia kufuata bidhaa.

Saa 3 na nusu, umeme unakuja. Msichana mmoja anachomeka flash kwenye televisheni kabla sijamaliza kusema haya, tushone. Ameleta filamu ya kizamani ya Marekani iliyotiwa sauti za Kifaransa, Au fil de la vie. "Mama, hii ni ya bashonaji?" Kwa Kifaransa cha shuleni, fil ni uzi. Nikamwambia tutazame, tutajua. Haina mshonaji hata mmoja. Kwao inaitwa Beaches, ilitoka mwishoni mwa 1988, na aliyeiongoza ni Garry Marshall. Lakini nadhani aliyeipa jina la Kifaransa aliwahi kushika sindano.

Inaanzia mwishoni. Mwimbaji mashuhuri yuko kwenye mazoezi, analetewa ujumbe, anaacha kila kitu, anaendesha gari usiku kucha. Ndipo tunarudishwa utotoni mwake. CC Bloom, mtoto wa New York mwenye mdomo na sauti, anakutana ufukweni Atlantic City na Hillary Whitney, mtoto wa matajiri wa San Francisco. Wanaagana wakiahidiana barua, na wanaandikiana miaka na miaka. Wakishakua, wanaigizwa na Bette Midler na Barbara Hershey. Hillary anakuwa mwanasheria, CC anaimba kwenye vilabu vya ovyo akingoja bahati. Wanakaa pamoja New York, wanampenda mwanamume mmoja, mambo yanachafuka. Baadaye kila mmoja na ndoa yake, kisha wanagombana dukani mbele za watu. CC anaandika barua. Hillary hajibu.

Saa 5, umeme unakwenda. Palepale.

Wasichana wanapiga kelele kama timu yao imefungwa bao. Mimi nafurahi kidogo, sikutaka waone uso wangu. Napuliza pasi.

Mama Mapasa na mimi tulikaa dawati moja shule ya msingi. Baba yangu alikuwa na kazi ya mshahara, nyumbani unga ulikuja kwa gunia. Yeye aliamka usiku kukaanga mikate na mama yake, akaja darasani na harufu ya mafuta kwenye nywele. Nilikuwa namgawia daftari. Nakiri nilipenda kumgawia, nilipenda kuwa mimi ndiye mwenye kugawa. Kisha baba akapoteza kazi, gunia likakoma, na yule wa mikate akaanza kuvuka mpaka na sanduku moja la sabuni, halafu kumi, halafu gari zima. Siku aliyoniita kuona lupango (kiwanja) aliyonunua, nyumba ya vyumba vitano na kisima, nilisema hongera, nikala, nikarudi nyumbani. Miezi minane sikupokea simu yake. Hakunikosea kitu. Kosa lake lilikuwa kisima.

Baadaye kwenye filamu Hillary anasema mwenyewe kwa nini hakujibu barua: wivu. Mwenzake alikuwa na sauti, yeye hana. Sijui walioandika hivyo walinijulia wapi.

Saa 7, chakula: bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Mteja mmoja anakuja kudai suruali ambayo hajawahi kuniletea. Tunaelewana.

Saa 9, umeme tena. Sasa Hillary ameachana na mumewe akiwa na mimba, CC yuko naye, anazaliwa Victoria. Miaka inapita kidogo, Hillary anapata ugonjwa wa misuli ya moyo ulioletwa na virusi. Anahitaji moyo mwingine, na moyo hauuzwi sokoni. Wanakwenda wote watatu kukaa nyumba ya ufukweni wakati wa joto.

Hapa wasichana walikuwa wanangoja kulia. Mimi niliacha mashini kwa jambo jingine. Mgonjwa hana nguvu hata ya kusimama, anamtazama binti yake akicheza na kucheka na CC, na badala ya kushukuru anakasirika. Anakuwa mkali kwa rafiki aliyeacha kazi zake kuja kumuuguza. Filamu nyingi zingemfanya malaika kwa kuwa anakufa. Hii imemwacha na roho mbaya kidogo, ndiyo maana nilimwamini.

Halafu anachakura sanduku la picha kama mwendawazimu. Anatafuta picha ya marehemu mama yake. Uso anaukumbuka, ila mikono imemtoka akilini, anataka kuiona mikono. Niliiangalia yangu: kidole cha kwanza kimejaa vitobo vya sindano, gumba limepinda kwa mkasi. Nikatia mkono wa libaya ya Mama Mapasa kinyume, ndani nje. Nusu saa ya kufumua.

Saa 10 na robo, giza tena.

Saa 11, kelele nje. Huhitaji kuuliza nani. Mama Mapasa anashuka kwenye pikipiki na mabunda mawili, anagombana na dereva juu ya franka mia tano, anashinda, kisha anamwongezea elfu moja. "Weye, libaya yangu iko wapi? Na mbona macho mekundu?" Tunamalizia filamu kwenye simu yake, vichwa vinne juu ya kioo kimoja. Hillary hataki kufia hospitalini, CC anamrudisha ufukweni. Wimbo unaingia, ule uliompa Bette Midler Grammy ya rekodi ya mwaka mwanzoni mwa 1990. Wasichana wanalia kwa sauti. CC anamchukua yule mtoto akakae naye.

Mama Mapasa hata chozi. Anakunja uso kama anahesabu magunia. "Sasa ule mutoto, minerval yake, feza ya masomo, nani atalipa?"

"CC. Si ana pesa?"

"Aah." Akatulia. "Basi nawe usinifanyie ile mambo ya kufa mbele. Batoto bako ni banne. Mimi nina mapasa, sita hao."

Nilimwambia avue koti nimpime, nguo ya Jumamosi haingoji. Kiuno kimeongezeka sentimita nne tangu Pasaka. Akasema futi yangu ni ya wachina, imevutika. Nikapima tena. Sentimita tano.