Maji ya General Sherman: gogo la tatu limekubali

Gramu 1,462. Nakereza mifano ya mbao ya miti mikubwa, na ujazo wa kila mmoja naupima kwa maji unayoyamwaga ukizamishwa kwenye bomba lililojaa. Gogo hili nimelizamisha mara tatu na mzani umecheza kati ya 1,458 na 1,466. Lengo lilikuwa 1,487. Baada ya wiki sita, na magogo mawili yaliyoishia kuwa kuni, leo kwangu ni sikukuu.

Kipimo cha mifano yangu ni 1 kwa 100, kwa hiyo kila mita ya ujazo ya mti halisi ni mililita moja ya maji kwangu. General Sherman, msekwoia wa milima ya Sierra Nevada kule California, una shina la mita za ujazo 1,487, na hakuna mti wa shina moja unaojulikana unaouzidi kwa ujazo. Hyperion, mredwudi wa pwani ya jimbo hilohilo, ndio mrefu kuliko yote, mita 116 hivi. Nataka kuisimamisha yote miwili juu ya kabati, ili anayeuliza upi mkubwa aangalie mwenyewe.

Aliyenitesa ni Sherman. Kitako chake kina upana wa mita 11.1, urefu 83.8. Nikakereza saiprasi kama koni: sentimita 11.1 chini, ncha juu. Likamwaga lita 2.7! Nikalilaumu bomba, nikalaumu jagi, nikabandika upya kifuniko ambacho hakikuwa na kosa lolote. Gogo la pili nikaanzia 7.7, upana unaopimwa kwenye kimo cha kifua, nikanyoosha hadi nchani. Maji 1,300. Sasa limepungua, na mbao ikishakerezwa hairudi. Usiku ule nilizima taa ya karakana bila hata kufagia.

Na dawa ilikuwa kwenye karatasi yangu ya vipimo tangu siku ya kwanza. Mita 18 kutoka ardhini, shina lina upana wa 5.3. Mita 55 kutoka ardhini, bado lina 4.3. Yaani unapanda mita 37 na mti umepungua mita moja tu! Hiyo si koni, ni nguzo iliyotanua miguu. Gogo langu la kwanza, pamoja na unene wake wote wa chini, kwenye kimo hicho cha 55 lilikuwa na 3.8, jembamba kuliko mti wenyewe. Karibu nusu ya maji yote yanatoka kwenye kile kipande cha katikati, ambacho mimi nilikuwa nakipita haraka kukimbilia ncha.

Kuhusu zana: achaneni na jagi lenye alama za mililita. La kwangu lilidanganya kwa zaidi ya mililita arobaini kwenye kila lita. Mzani wa jikoni wa dijitali unatosha, gramu moja ya maji ni mililita moja. Chombo changu ni bomba la plastiki la inchi 6, limezibwa chini, na karibu na mdomo nimelitoboa na kuingiza mrija wa kumwagia. Saiprasi huelea, kwa hiyo naisukuma kwa waya mwembamba hadi ncha izame, halafu nasubiri tone la mwisho. Vanishi ipake mara mbili, la sivyo mbao inakunywa maji na hesabu inaharibika.

Hyperion haukunisumbua. Mashine haichukui sentimita 116, nikaukereza vipande viwili na kuvipima kimoja kimoja. Upana wa chini haufiki sentimita 5. Ujazo wake hukadiriwa kuwa mita za ujazo 530 hivi, nikawa napunguza kidogo kidogo hadi maji yakafika hapo.

Mpwa wangu alisimama karibu na ndoo akitazama. "Mjomba, mbona huu mrefu umemwaga maji kidogo?" Nikampa yote miwili aibebe, mmoja kila mkono. Alicheka, akaushika Sherman kwa mikono miwili. Mfupi kwa sentimita 32, lakini maji yake ni karibu mara tatu.

Kazi iliyokuwa inafuata ni gome. Gome la msekwoia hufikia unene wa sentimita 60, na ndilo linaloukinga na moto. Kwangu hizo ni milimita 6, na nilishaloweka makumbi ya nazi kwa ajili hiyo. Yataendelea kulowa. Jana nilikuwa natazama mlima kutoka hapa Moshi nikaukumbuka mkukusu wa Kilimanjaro, ule uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko miti yote ya Afrika: mita 81.5. Sherman ni 83.8. Kwenye kabati langu tofauti yao ni sentimita 2.3, upana wa vidole viwili vya mtoto! Mti wa kwetu, unaoota kwenye mabonde ya mlima ninaouona kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimeagiza vipimo vya California peke yake.

Nimeshaunganisha mbao za mkukusu. Gundi inakauka, na bomba nimelijaza maji tayari.