Albamu mpya Ijumaa, shoo Jumamosi

Wapenzi wenzangu wa wasanii wasio na lebo, wiki hii tuna kazi ya kusikiliza. Bendi ninayoifuatilia tangu enzi zao za kurekodi chumbani inatoa albamu yake ya kwanza Ijumaa, na kesho yake wanapiga laivu kwenye ukumbi mdogo. Tiketi nimeshakata. Nyimbo walizotanguliza nimezirudia mpaka nazijua kwa moyo. Kuna moja inaanza na besi peke yake, ngoma zinachelewa kidogo kuingia, na kabla ya kiitikio unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Hawakuifuta ile pumzi, na naupenda sana uamuzi huo. Studio nyingi zingeisafisha.

(Ijumaa imekuwa siku ya kutoa muziki karibu dunia nzima tangu Julai 2015. Zamani kila nchi ilikuwa na siku yake.)

Ombi langu: mkiipenda albamu, inunueni. Bandcamp, mtandao ambako wasanii huuza muziki wao, kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambazo humwachia msanii fungu hilo. Na baada ya shoo piteni mezani, chukueni kanda au fulana. Hizo ndizo zinazolipa nauli ya bendi.

Halafu mfike mapema. Anayefungua ni dada mmoja na gitaa lake tu, na laivu anaimba vizuri kuliko kwenye rekodi zake. Kusema kweli, namsubiri yeye kuliko hata bendi yenyewe.