Nani achinje?

Kikundi chetu cha kina mama hapa mtaani Morogoro kina masufuria makubwa, yale ya kupikia wali wa msibani, pamoja na turubai na viti vya plastiki. Mwanachama akifiwa au akiozesha anachukua bure, asiye mwanachama anakodi. Kwenye daftari la kikundi kuna sheria imeandikwa kwa kalamu nyekundu tangu zamani, kwamba masufuria haya hayapikiwi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hata kama shughuli ni ya Mkristo na wageni wote ni Wakristo. Mimi ni Mlutheri, kitimoto nakula, na hiyo sheria naipenda sana kwa sababu ndo inayofanya jirani yangu Mwislamu akija kwangu kwenye msiba aingie jikoni kwa amani, afunue sufuria aonje chumvi bila kuwaza humo ndani kilipikwa nini mwezi uliopita.

Sasa kwenye kikao cha juzi mama mmoja kijana, mlokole, kahamia mtaani sio muda mrefu, akauliza swali ambalo naona wengi tunalo ila hatulisemi. Tulikuwa tunapanga ng'ombe wa shughuli ya kipaimara ya mtoto wa mwenzetu, katibu akasema kama kawaida tutamwita ostadhi wa msikiti wa pale chini aje achinje, yule mama akanyoosha mkono, "Jamani samahani dada zangu, shughuli ni ya Kikristo, ng'ombe ni wa Mkristo, kwanini lazima achinje Mwislamu? Ina maana mikono yetu sisi ni michafu?" Watu kimya. Wengine wakaanza kuangalia simu.

Bibi ambaye ndo mkubwa wetu kwenye kikundi, Mwislamu, akajibu taratibu kabisa. "Mwanangu, hakuna aliyesema mikono yako michafu. Ukichinja wewe utakula wewe, mimi sitakula. Akichinja ostadhi utakula wewe na mimi nitakula. Mimi nataka nile kwako, ndo hilo tu." Yule mama akasema, "Sawa bibi, nimekuelewa, ila hilo sijawahi kuambiwa na mtu, nilikuwa naona tu watu wanafanya."

Hiyo "sijawahi kuambiwa" ndo imenikaa kichwani hadi leo nimeamua niandike. Maana sisi Watanzania tumekaa pamoja kwa mazoea, na mazoea yetu ni mazuri mno, mtu ana mjomba sheikh na shangazi mzee wa kanisa na wote wanakaa mkeka mmoja msibani, lakini hatukuwahi kukaa tukaelezana kwanini tunafanya hivi na mwenzangu anaumia wapi. Hata serikali yenyewe tangu sensa ya 1967 haijauliza tena swali la dini kwenye sensa, na tumekua tukisikia kwamba serikali haina dini ila wananchi wake wanazo. Naamini kabisa huko kutoulizana kumetulinda, nchi nyingi zingetamani zipate hicho. Ila mtoto aliyezaliwa juzi akikuta watu wanafanya kitu bila maelezo, siku akija mtu na maelezo yake ya chuki, atamsikiliza huyo kwa sababu ndo wa kwanza kumweleza.

Na hii sio hofu ya kujitungia. Kuna kipindi kimoja bado nikikikumbuka tumbo linakaza. Oktoba 2012 pale Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana, mmoja akakojolea msahafu, ugomvi wa watoto jamani, na haikupita muda makanisa yakawa yamechomwa moto. Novemba Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, akamwagiwa tindikali kule Zanzibar. Februari 2013 ikaja ile ya Buseresere mkoani Geita, mzozo wa kuchinja huu huu, nani achinje nyama ya buchani, na mchungaji akauawa. Mwezi ule ule Padre Evarist Mushi akapigwa risasi Zanzibar akienda kusalisha misa. Mei bomu likarushwa kanisani Olasiti, Arusha, siku ya uzinduzi wa parokia, watu wakafa. Yote hayo ndani ya miezi michache, kwenye nchi ambayo tulikuwa tunajisifia ni kisiwa cha amani.

Kwenye lile la kuchinja serikali ilitoa kauli kwamba utaratibu uendelee kama ulivyozoeleka, Waislamu wachinje nyama ya kuuzwa. Sawa, ulikuwa wakati wa kuzima moto kwanza. Lakini kuna Wakristo walibaki na kinyongo kwamba wamelazimishwa, na kuna Waislamu walibaki wanajiuliza imekuwaje hadi mtu agombee kitu kama kile. Wote hawakuwahi kusikia kile alichosema bibi yetu kwa sentensi nne, kwamba mimi nataka nile kwako.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba vitabu vyenyewe vinaongea hili jambo la chakula na wala havijafichwa. Kurani kwenye Sura Al-Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu na chakula cha Waislamu ni halali kwao. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu masharti ya hapo, hilo nawaachia wenyewe, na kama jirani yangu moyo wake hautulii mpaka achinje Mwislamu mwenzake sina haja ya kumbishia kwa aya ya kitabu chake. Upande wetu Paulo kwenye Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 anasema chakula hakitusogezi mbele za Mungu, tukila hatuongezi kitu na tusipokula hatupungukiwi, na mwisho anasema kama chakula kinamkosesha ndugu yake yuko tayari asile nyama milele. Nilimsomea yule mama kijana hiyo sura tulipokuwa tunarudi nyumbani, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe dada mimi sipotezi kitu." Hapotezi kweli! Ng'ombe ni wake, shughuli ni yake, sala ya chakula ataomba mchungaji wake, na meza itajaa majirani wote.

Kuna watu wakisikia mazungumzo ya dini mbalimbali wanafikiria mihadhara, ile ya kulinganisha Biblia na Kurani uwanjani na spika, huyu anataka kumwaibisha yule na watu wanashangilia kama mpira. Pale anatafutwa mshindi, na aliyeshindwa anarudi kwake na hasira. Wengine wanafikiria mikutano ya hotelini, viongozi wameshikana mikono wanapigwa picha. Hiyo sitaidharau, mufti na askofu wakionekana wamekaa pamoja mtu wa kawaida anapata ujasiri wa kumsalimia jirani yake sikukuu ya Idd au Krismasi. Ila picha haifiki jikoni na ugomvi wetu mwingi uko jikoni, makaburini na kwenye spika za alfajiri.

Nafikiria wale abiria wa basi la Mandera, Kenya, Desemba 2015. Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, na watu wote mle ndani walikuwa wanajua maana yake kwa sababu mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, kwenye basi lingine la Mandera waliuawa watu 28 kwa namna hiyo hiyo. Waislamu wakakataa. Kina mama wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, watu wakawaambia wale wauaji kama ni kuua watuue wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale na akafariki Januari 2016. Sidhani mtu anaamua kitu kama kile papo hapo bila mizizi, lazima kabla ya hapo umeshawaona hao watu kama watu wako.

Na kule Mbale, Uganda, kuna wakulima wa kahawa, Wayahudi wa Abayudaya, Wakristo na Waislamu, walioanzisha ushirika wao mwaka 2004 unaitwa Peace Kawomera. Aliyewakusanya, JJ Keki, ni Myahudi, na Septemba 11, 2001 alikuwa New York akaona kwa macho yake chuki ya dini inaweza kufanya nini, akarudi kijijini akaanza kupita kwa majirani. Wakauza kahawa pamoja wakapata bei ya maana, uongozi wakagawana. Napenda hiyo kwa sababu walikuwa na kitu mkononi cha kupoteza wakigombana.

Basi sisi tumeamua kuyaandika yetu. Kwenye daftari sasa kuna maelezo: shughuli yoyote ya kikundi mnyama atachinjwa na Mwislamu ili wote tule, na sababu yake imeandikwa hapo hapo. Nyama ya mtu na familia yake ndani kwake ni uamuzi wake na hakuna wa kumuuliza. Ibada ya mazishi ya Mkristo ikiwa kanisani, kina mama wa Kiislamu wanashika jiko, na siku ya Idd asubuhi wakiwa kwenye swala tunashika sisi. Mwanzo hayo yalikuwa mazoea tu.

La spika bado. Mikesha ya lile kanisa la juu inapigwa hadi saa tisa usiku, na upande wa pili kuna wanaolalamikia mawaidha marefu ya spika kabla ya adhana ya alfajiri, wagonjwa na watoto wachanga hawalali. Hili ni gumu kuliko ng'ombe, nalijua, maana hapa mtu akiambiwa apunguze sauti anasikia ameambiwa apunguze imani. Yule mama kijana kajitolea kwenda kuongea na mchungaji wake, bibi kasema kwa imamu ataenda mwenyewe, na tumekubaliana kila mmoja aanze na malalamiko ya upande wa kwao kwanza.