Tone la maji kwenye utando

Julai 2018, baridi ya Nairobi imeshika kuta za maabara, nami niko wiki ya tatu napima kama utando uleule mwembamba juu ya kioo unapitisha umeme, na kuambulia pikoampea mbili tatu zinazochezacheza, mkondo mdogo mno. Hizo ni kelele za mashine tu. Hakuna chaji iliyokuwa ikipita.

Utando ulikuwa wa nukta za kwanta, chembe za salfaidi ya risasi zenye upana wa nanomita chache. Gawanya milimita mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Katika udogo huo, ukubwa wa chembe ndio unaoamua itameza mwanga upi, na kwa hilo nilizipenda tangu siku ya kwanza. (Oktoba 2023, Bawendi, Brus na Ekimov walipotunukiwa Nobeli ya kemia kwa kazi ya nukta hizi, nilikaa jikoni nikalia.)

Nukta hizo huzaliwa zimepakwa asidi ya oleiki, ileile iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Bila mipako hiyo zingegandamana na kuharibika. Lakini ukiiacha, kila nukta inabaki kisiwa, na kila ukiongeza umbali kidogo tu, nafasi ya elektroni kupenya hadi ya pili inaporomoka. Kwa hiyo unavua mafuta na kuweka molekuli nyingine. Wengi huweka fupi, nukta zisogeleane. Mimi nilitaka molekuli ambayo yenyewe ni semikondakta, yaani inayopitisha umeme kwa kiasi: thalosianini yenye shaba katikati, ya ukoo wa rangi ya buluu inayotumika kwenye rangi za kupaka na wino, iliyoongezewa vikundi vinne vya amini (vya naitrojeni na haidrojeni) vya kushikia nukta huku na huku.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Ukaribu peke yake hautoshi. Ngazi ya nishati ya molekuli lazima ikaribiane na ya nukta. Zikiachana sana, molekuli ni ukuta. Zikilingana, ni jiwe la kukanyagia katikati ya mto.

Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba zangu hazilingani. Barua ya kumwomba msimamizi wangu tubadilishe molekuli ilikuwa tayari.

Ijumaa hiyo jioni Mzee, fundi wa maabara yetu, alikuja kufunga madirisha. Akanikuta nimejiinamia.

“Msichana wangu, hicho kioo kimekukosea nini?”

Nikamweleza. Akaomba kipande ambacho sikihitaji tena, akakidondoshea tone moja la maji. Tone likajikusanya, likasimama duara, likateleza alipokiinamisha.

“Umeona? Kama maji kwenye jani la nduma. Hii bado ina mafuta.”

Nililitazama tone lile mpaka likaanguka mezani. Kwa wiki tatu nilikuwa nalaumu ngazi za nishati kwa kosa la mkono wangu. Unga wa thalosianini ulikuwa kichupa kimoja kidogo, umetoka mbali, na kwa kuuhurumia nilitengeneza mchanganyiko mwepesi na kuuacha juu ya utando kwa sekunde chache tu. Kipimo cha infraredi kingenionyesha mapema, kwenye alama za 2850 na 2920 ambako minyororo ya mafuta hujitangaza, lakini mashine hiyo ilikuwa jengo jingine na foleni yake ndefu.

Jumamosi nilianza upya. Mchanganyiko mzito, dakika nzima badala ya sekunde, kusuuza, kuzungusha kioo kikauke, kisha tabaka jingine juu yake, maana nukta zikivuliwa mafuta hujikunyata na utando hupasuka nyufa; tabaka la pili huziba. Nilirudia mara nne. Kipande cha majaribio nikakidondoshea maji, na tone likalala, likatandaa.

Mzee hakuwa na zamu siku hiyo lakini alikuja, na chupa ya chai. Nikashusha sindano za kupimia kwenye vidole vya dhahabu, yaani vijistari vya kupitishia umeme kwenye kioo, nikapandisha volti taratibu. Namba zikaondoka kwenye piko, zikaingia nano, kubwa mara elfu, zikaendelea kupanda kila nilipoongeza.

“Zinavuka?” akauliza.

“Zinavuka, Mzee.”

Akanimiminia chai. Nikarudisha volti hadi sufuri, nikapandisha tena.