Nitampima mwanangu yai, siyo kila chakula

Baba yake anataka mtoto apimwe mzio (aleji) wa kila chakula mara moja, tujue. Shangazi yake anasema tuache, watoto hutoka vipele na vikaisha. Nimewasikiliza wote wawili, na uamuzi wangu haufanani na wa yeyote kati yao.

Mwanangu alikula yai la kukaanga. Sijamaliza hata kuosha vyombo, mabaka mekundu yalikuwa yameuzunguka mdomo wake na anajikuna shingo. Alipumua vizuri, hakutapika, na kufikia jioni ngozi ilikuwa safi. Siku nyingine akala la kuchemsha, yakarudi yaleyale. Lakini keki yenye mayai anakula bila shida! Hilo lilinichanganya mpaka daktari wa watoto aliponieleza kwamba moto wa kuoka hubadilisha protini za yai, kwa hiyo watoto wengi wenye mzio wa yai huvumilia lililookwa ndani ya unga. Keki tusimkataze, alisema.

Aliniuliza maswali mengi: alikula kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani, ana pumu, aliwahi kuwa na ukurutu? (Ukurutu alikuwa nao tangu uchanga.) Mzio wa aina hii kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili, ndiyo maana maelezo ya mzazi yana uzito mkubwa hivyo.

Kipimo cha ngozi ni tone la chakula kinachoshukiwa, mchomo mdogo, kisha kusubiri dakika 15 hadi 20 kuona kama patavimba. Cha damu hutafuta IgE, yaani kingamwili zinazohusika na mzio. Vyote viwili huonyesha kwamba mwili umekishtukia chakula. Havithibitishi kwamba mtoto ataugua akikila. Tukipima vyakula kumi, huenda karanga anazokula kila wiki kwa raha zikatoa jibu chanya. Tutaziondoa kwa hofu, na mtoto anayenyimwa chakula alichokuwa anakivumilia anaweza kuja kukipatia mzio wa kweli. Utafiti mkubwa wa London uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari waliopewa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Na vile vipimo vya IgG, kingamwili za aina nyingine, vinavyouzwa kwa wazazi wenye wasiwasi siendi kabisa: IgG huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula kitu.

Kwa nini basi nisimsikilize shangazi? Kwa sababu mabaka ya leo hayatabiri ya kesho. Nataka daktari aseme kama tunahitaji sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, nyumbani. Pia watoto wengi huuacha mzio wa yai wakikua, na vipimo vya baadaye vitasaidia kujua lini ajaribishwe yai hospitalini, chini ya uangalizi.

Kwa hiyo tunapima yai peke yake. Dawa ya kuzuia mwasho tutaisimamisha siku chache kabla, kama daktari atakavyoelekeza, maana hufifisha majibu ya ngozi. Nyumbani wote nimewaambia: akivimba ulimi, akikoroma kifuani au akilegea, hatungoji kipimo, tunakimbia hospitali. Maziwa, samaki, ngano na karanga anaendelea kula kama kawaida.