Kifungo cha juu hakikufunga

Mimi ni fundi cherehani hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, kwa hiyo shingo ya mwanangu niliijua kwa sentimeta kabla dokta yeyote hajaigusa. Shati jeupe la shule nilimshonea kola ya 29 mwezi wa 9; kufika Noeli kifungo cha juu hakifiki tunduni. Nikamkaripia kwamba amelifua na maji ya moto. Kumbe chini ya taya, pande zote mbili, matezi yamejipanga, mengine kama yai la njiwa, na hayamuumi hata kidogo. Futi ilisoma 34.

Basi kila mtu akawa dokta. Jirani mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi akasema ni goita, nimpe chumvi yenye iodini. Goita hukaa mbele ya koo na hupanda mtu akimeza mate. Haya yalikuwa pembeni na hayakupanda. Shangazi akaleta majani aliyotwanga na chumvi, akamfunga usiku kucha. Asubuhi ngozi malengelenge, matezi palepale, sasa tuna magonjwa mawili. Muuguzi wa kituo kimoja akataka aanze dawa za TB za miezi 6 bila kumpima. TB ya matezi kwetu si ngeni, simkatalii, lakini hilo la "bila kumpima" lilinikaba.

Hospitalini wakamchoma sindano, wakavuta: TB hakuna, mengine hayaeleweki. Wakatoa tezi zima. Labo ikaandika huenda ni saratani. Siku hiyo nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la bibi harusi.

Dokta mmoja kijana ndiye aliyeniambia kwamba ile nyama haitupwi: huwekwa ndani ya nta ya parafini, kipande kidogo tu, na haiozi. Hakuna haja ya kumpasua mtoto tena. Nikaenda kukidai. Wa dirishani akasema si mali yangu. Nikamuuliza kimetoka shingoni mwa nani? Nikakaa kwenye benchi lake, nikatoa suruali ya mteja, nikaanza kupinda upindo. Saa 9 alasiri akachoka kuniona, akakitoa na karatasi yake. Nikakitia kwenye kopo la vifungo, nikavuka mto Ruzizi, mpakani. Mtu wa forodha akakiinua kwa vidole viwili: "Mama, unapeleka Rwanda kipande cha mshumaa?" Nikamwambia hiyo ni shingo ya mtoto wangu. Alikirudisha haraka kuliko alivyokitoa.

Kule wakakata utando mwembamba, wakaupima kwa rangi ya S100, inayoonyesha seli za aina fulani. Jibu: ugonjwa wa Rosai-Dorfman, jina la madaktari wawili walioueleza mwaka 1969. Seli kubwa humeza ndogo nzimanzima bila kuzisaga. Si saratani, hauambukizi, na kwa watoto wengi hunywea wenyewe, ingawa huchukua miezi, hata miaka. Dawa au upasuaji ni pale unapobana njia ya hewa au kuingia kiungo kingine. "Tutangoja," dokta akasema. Dola 200 na kitu, bila nauli, ili niambiwe ningoje! Nilitaka kumkumbatia.

Kila Jumapili kabla ya misa napima, naandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia. 34, 34, 33 na nusu. Akapata mafua, 34 tena, sikulala. Jumapili iliyopita 31. Shangazi anatangaza sokoni kuwa ni majani yake. Kifungo nilichokuwa nimekisogeza nimekirudisha nusu ya njia, na uzi nimeuacha mrefu.