Ua wangu ulivyokula njia ya watu

Kwa ndani ua wangu wa michongoma ulipendeza. Kila baada ya wiki chache nilipitisha mkasi, nikaridhika. Upande wa barabarani sikuuangalia, na huko ndiko michongoma ilikojimwaga hadi ikala karibu nusu ya njia ya waenda kwa miguu.

Aliyenizindua ni jirani yangu asiyeona. Fimbo yake nyeupe humwonyesha kilicho chini: jiwe, shimo, mfereji. Tawi lililoning'inia usawa wa uso fimbo haimwonyeshi. Siku hiyo alibisha hodi akiwa na mchubuko kwenye paji la uso. "Jirani, mti wako umenipiga." Niliona haya. Nilikuwa nikijiambia barabara ni ya serikali, watakuja kukata wao. Lakini shina liko kwangu na kivuli nakaa mimi. Tawi haligeuki kuwa la serikali kwa sababu limevuka ua.

Nilikagua viota kwanza. Nilikuta kimoja, kitupu. Michongoma niliirudisha ndani ya mpaka kwa urefu wa mkono, maana ukikata sawasawa na mpaka machipukizi hurudi njiani upesi. Chini niliuacha ua mpana kuliko juu, jua lifike, usije ukakauka na kubaki matundu.

Ule mti uliompiga jirani ndio ulionitoa jasho. Tawi la kwanza nililikatia juu tu; likakatika kabla sijamaliza, likaondoka na gome la shina. La pili nilianzia chini, msumeno ukaingia kama robo ya unene, ndipo nikakata kwa juu, mbele kidogo kuelekea ncha. Kigutu nikakiondoa nje ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, kwani hapo ndipo kidonda hufungia. Matawi yaliyokaribia nyaya za umeme sikuyagusa, niliita watu wa umeme.

Nikafagia miiba yote; mmoja tu unatosha kutoboa tairi la baiskeli.

Kumbe sikuwa nimemaliza. Mvua iliponyesha, matawi niliyodhani yako juu yalilemewa na maji, yakashuka hadi usawa wa mwavuli. Nikapanda ngazi tena.

Jirani alipopita, aliinua fimbo, akaipunga hewani, haikugusa kitu.

"Na pale kona?" akauliza.

Pale kona si kwangu. Nimeshambishia hodi mwenyewe.